Mtakatifu Giuseppe Moscati: Mtafiti wa Sukari Aliyefiwa na Mama kwa Kisukari



Leo tuna mtakatifu wa maabara. Giuseppe Moscati alizaliwa Benevento, Italia, tarehe 25 Julai 1880, mtoto wa saba kati ya tisa. Kaka yake Alberto alianguka kutoka kwenye farasi akiwa jeshini, akaumia kichwa, akawa mtu wa kuuguzwa nyumbani miaka mingi. Giuseppe alikua akiyaona hayo. Mwaka 1903 akahitimu udaktari Napoli.

Wengi wanamjua kwa habari ya 1906, volkano ya Vesuvius ilipolipuka naye akawatoa wagonjwa wa hospitali ya Torre del Greco kabla paa halijaanguka. Nzuri sana hiyo. Ila mimi nataka tuingie maabara, maana huko hatumfuati mara nyingi.

Moscati alipenda kemia ya mwili. Alichunguza glikojeni, yaani sukari ambayo mwili unaiweka akiba kwenye ini na misuli. Tayari ilijulikana kwamba kisukari kina uhusiano na kongosho, kwa sababu mwaka 1889 Minkowski na von Mering walimtoa mbwa kongosho, na mbwa yule akapata kisukari. Basi wakakisia kuna kitu kinachotoka kwenye kongosho na kuiongoza sukari. Kukipata kitu chenyewe ndiyo ilikuwa kazi! Huku nyuma wagonjwa walipewa chakula kidogo mno, wengine wakabaki mifupa mitupu, ili waongeze miezi tu ya kuishi.

Sasa fikiria. Novemba 1914 mama yake, Rosa, anafariki, na ugonjwa wenyewe ni kisukari. Mwanawe ni daktari, tena anayesomea mambo hayohayo ya sukari mwilini, na mkononi hana dawa ya kumpa. Sijui kama kuna msalaba mzito kuliko huo kwa mtu wa taaluma yake.

Insulini ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921. Januari 1922 alidungwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, na sindano za mwisho wa mwezi huo zikamshushia sukari kweli. Kwa Mama Rosa ilikuwa imechelewa miaka saba.

Moscati hakukunja mikono. Alikuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza Italia kuitumia insulini, na hakuifanya siri yake ili apate jina. Aliwafundisha madaktari wenzake wa Napoli namna ya kuwatibu wagonjwa wa kisukari kwa dawa hiyo mpya. Yaani watoto wa wengine wabaki na mama zao.

Maskini hakuwatoza, na wengine walikuta pesa ndani ya karatasi ya dawa aliyowaandikia. Hakuoa, hakuwa padre. Alikuwa mlei kama wewe na mimi, na Misa ya asubuhi haikumpita.

Tarehe 12 Aprili 1927, Jumanne ya Juma Kuu, alishiriki Misa, akaenda hospitali, akarudi nyumbani kupokea wagonjwa. Mchana akajisikia vibaya, akaketi kwenye kiti chake, akafariki. Alikuwa na miaka 46. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 25 Oktoba 1987. Sikukuu yake ni 16 Novemba, na mwili wake upo Napoli, kanisa la Gesù Nuovo.