Edmond Thieffry, mtu aliyeruka kutoka Brussels mpaka Kinshasa

Sisi wa Masisi na Walikale tunajua kwamba safari haipimwi kwa kilometa peke yake. Kuko vijiji ambavyo kwa karta viko karibu, lakini wakati wa mvua, juu ya matope, mtu anatembea siku mbili. Ndiyo sababu watu wa Walikale waliona, miaka ya nyuma ya 2000, ndege zikitua kwenye barabara ya lami kule Kilambo. Basi leo tujifunze maisha ya mtu wa kwanza kuunganisha Ubelgiji na Kongo kwa njia ya anga.

Edmond Thieffry alizaliwa Etterbeek, katika Brussels, mwaka wa 1892. Alisomea sheria kule Leuven, akawa avoka. Katika vita ya kwanza ya dunia aliendesha ndege, akaangusha ndege 10 za Wajerumani. Mwaka wa 1918 yeye naye akaangushwa, akafungwa mpaka vita ikaisha.

Kisha akarudilia kazi ya avoka, lakini moyo ulibaki angani. Kampuni ya Sabena ikamkubalia ndege moja yenye mashine tatu. Tarehe 12 Februari 1925 akatoka Brussels pamoja na Léopold Roger na fundi Jef De Bruycker. Walipita Ufaransa, Hispania, jangwa la Sahara, Niamey, Fort-Lamy (leo N'Djamena) na Bangui. Tarehe 3 Aprili wakafika Léopoldville, leo Kinshasa.

Tufanye hesabu kidogo. Walipita kilometa zaidi ya 8.000. Angani walikaa masaa karibu 75, ni kusema siku tatu na kidogo. Lakini safari yote ilikula siku 51! Siku zingine zote walikuwa chini. Wakati ule meli ilitoka Antwerp mpaka Matadi kwa majuma karibu matatu. Kwa hiyo meli ilishinda ndege, na watu wangeweza kusema kazi yake ni bure.

Thieffry hakuchoka. Mwaka wa 1928 alijaribu tena mara mbili, hakufika. Mwaka wa 1929 akaja Kongo kutafuta namna ya kuunganisha miji ya ndani kwa ndege. Tarehe 11 Aprili ndege yake ikaanguka karibu na Ziwa Tanganyika. Akafa pamoja na mwenzake mmoja, fundi akapona. Alikuwa na miaka 36 tu.

Mwaka wa 1935 Sabena ikaanza safari za kawaida mpaka Léopoldville, kwa siku tano na nusu. Ndege ya kwanza ilipewa jina lake, Edmond Thieffry. Ni kweli, zamani zile ndege haikuwa ya babu zetu. Wao walibeba mizigo kwa kichwa. Leo safari ile ni masaa karibu nane. Mwenye kuona masomo yanakawia, akumbuke zile siku 51.