George Orwell na Wasikilizaji Asiowaona

Mhariri ameniomba nieleze maisha ya mtu mashuhuri ambayo yatatufaa sisi tuliomaliza, na vijana walioko madarasani. Nimemchagua George Orwell. Wengi wetu tunamjua kwa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka mwaka 1967. Mimi napenda kueleza kazi yake ya redioni, ambayo haitajwi sana.

Jina lake halisi lilikuwa Eric Arthur Blair. Alizaliwa Motihari, India, tarehe 25 Juni 1903. Alisoma Eton, kisha akawa afisa wa polisi wa kikoloni huko Burma toka 1922 hadi 1927; kazi ile ndiyo iliyomfanya auchukie ukoloni. Mwaka 1937, akipigana Hispania upande wa Jamhuri, risasi ilimpenya shingoni, na sauti yake haikupata tena nguvu yake ya awali.

Mwenye sauti hiyo dhaifu ndiye aliyeajiriwa na BBC mwezi Agosti 1941 kutayarisha mazungumzo ya kutangazwa India. Vita vilikuwa vimepamba moto, na Uingereza ilitaka Wahindi wabaki upande wake. Orwell alilijua hilo, lakini hakutaka kumlisha msikilizaji propaganda tupu. Aliwaleta mbele ya kipaza sauti T. S. Eliot kwa mashairi, E. M. Forster kwa vitabu, J. D. Bernal kwa sayansi, na Mulk Raj Anand, mwandishi wa India. Mwaka 1942 alianzisha gazeti la fasihi lisilo na karatasi: washiriki walikaa studio, wakasoma mashairi na kuyajadili hewani. Maneno yote yalipita kwanza mikononi mwa wakaguzi.

Taabu ilikuwa moja: nani anasikiliza? Habari kutoka India zilionyesha kuwa wasikilizaji ni wachache mno. Orwell aliona anapoteza wakati wake na fedha za umma, akaacha kazi Novemba 1943.

Ndipo alipoandika Shamba la Wanyama. Wachapishaji kadhaa walikikataa kitabu hicho, pamoja na kampuni ya Eliot, yule yule aliyemkaribisha studio. Kilitoka Agosti 1945. Kifua kikuu kilimwua tarehe 21 Januari 1950, akiwa na miaka 46.

Hakuna kanda hata moja ya sauti yake iliyosalia. Lakini karatasi za mazungumzo yale zilibaki katika hifadhi ya BBC, zikachapishwa mwaka 1985, na watu wanazisoma hata leo.

Nilipokuwa katibu wa chama cha majadiliano hapa shuleni, Jumamosi moja walikuja wanafunzi watano tu, nami nikauvunja mkutano kwa hasira. Sasa naona niliwaadhibu waliokuja kwa kosa la wasiokuja. Vijana, mkipata watano, anzeni.