Adolph Ochs: Alikopa akiwa na madeni, akafufua gazeti

MFANYABIASHARA anayedaiwa huku na huku, je, anaweza kukopa tena na kufanikiwa? Mara nyingi hawezi. Adolph Ochs, mchapishaji wa magazeti wa Marekani, aliweza, na inafaa tuangalie alifanyaje.

Ochs alizaliwa Machi 12, 1858 mjini Cincinnati, katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Ujerumani, kisha familia ikahamia Knoxville, jimbo la Tennessee. Baba yake, Julius, alikuwa mtu mwenye elimu lakini biashara zilimshinda. Hivyo akiwa na miaka 11 tu, Adolph alianza kazi katika gazeti la mjini hapo, akifagia ofisi na kutumwa huku na kule. Baadaye alijifunza kupanga herufi za chapa.

Mwaka 1878, akiwa na miaka 20, alikopa dola 250 na kununua nusu ya Chattanooga Times, gazeti lililoelemewa na madeni. Kwa kuwa hakuwa ametimiza miaka 21, baba yake ndiye aliyesaini mkataba. Mwaka huo huo homa ya manjano iliingia mjini na watu wengi wakakimbia, lakini gazeti lilinusurika. Kazi hiyo aliijua tangu utotoni, na polepole gazeti lilianza kuleta faida.

Kosa lake lilikuja baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 1880 bei ya ardhi Chattanooga ilipanda kwa kasi, naye akajitosa kununua ardhi akitegemea bei iendelee kupanda. Ikaporomoka. Akabaki na madeni makubwa ambayo faida ya gazeti lake haikutosha kuyamaliza.

Ndipo mwaka 1896 alipolifuata New York Times. Gazeti hilo lilikuwa likipata hasara ya dola 1,000 kwa siku na kuuza nakala 9,000 hivi. Ochs alipata dola 75,000, nyingi zikiwa za mkopo, na akakubaliana na wenye gazeti kwamba akilifanya lijiendeshe bila hasara miaka mitatu mfululizo, atakabidhiwa hisa nyingi zaidi. Akishindwa, asingezipata.

Alianza kwa kuwaangalia wateja. Alichapisha orodha ya wanunuzi wa bidhaa waliowasili New York kutoka miji mingine, ili wafanyabiashara wajue nani yupo mjini. Aliongeza habari za fedha na za mauzo ya majengo. Alikataa matangazo ya utapeli hata fedha zilipokuwa haba.

Hata hivyo, mwaka 1898 hali ilikuwa mbaya tena. Vita vya Marekani na Hispania viliongeza gharama za kupata habari na kupunguza matangazo. Wengi walimshauri apandishe bei. Oktoba mwaka huo aliishusha kutoka senti tatu hadi senti moja, bila kulichuja gazeti. Katika mwaka mmoja mauzo yalipanda kutoka nakala 25,000 hivi hadi 75,000. Mwaka 1900 alikabidhiwa hisa zake.

Msomaji asikimbilie kushusha bei kesho asubuhi. Gazeti hutegemea matangazo, na nakala moja ya ziada hugharimu kidogo tu, hivyo wasomaji wengi walimletea Ochs watangazaji wengi. Gunia la mahindi halina mtangazaji wa kulilipia. Ukiliuza chini ya gharama ya mbegu, mbolea na vibarua, kila gunia unaloongeza linaongeza hasara.

Somo liko kwenye mikopo yake. Aliyokopa kwa ajili ya gazeti ilimwinua, kwa sababu aliijua kazi na alijua mteja anataka nini. Aliyoitumbukiza kwenye ardhi ilimwangusha, kwa sababu alitegemea bei ambayo hakuwa na uwezo juu yake. Mtu ni yule yule, akili ni ile ile.

Ochs alifariki Aprili 8, 1935 akiwa ziarani Chattanooga, mji alikoanzia kwa dola 250 za kukopa. New York Times hadi leo liko mikononi mwa ukoo wake. Kwa hiyo, kabla hujasaini fomu ya mkopo, jiulize: fedha hii inakwenda kwenye kazi ninayoijua, au kwenye bei ninayoiotea?