Thomas Wakefield (1836–1901) na Kijiji cha Misheni cha Ribe

Thomas Wakefield alizaliwa mwaka 1836 katika mji wa Derby, Uingereza. Alikuwa mmisionari wa tawi mojawapo la Kanisa la Methodisti. Januari 1862 alifika Mombasa akiongozwa na Johann Ludwig Krapf, aliyeijua pwani hiyo tangu mwaka 1844. Walichagua kuishi Ribe, katika vilima vya Wamijikenda nyuma ya Mombasa.

Ribe haikuwa mwisho wa safari. Wamethodisti walikusudia kuwafikia Waoromo upande wa kaskazini, na Ribe ilikuwa kituo cha kuanzia tu. Lakini homa iliharibu mipango. Kabla mwaka haujaisha Krapf aliondoka kwa sababu ya ugonjwa, na wenzao wengine wakarudi Ulaya. Wakefield alibaki peke yake mpaka Charles New alipofika mwaka 1863. New ndiye Mzungu wa kwanza kuifikia theluji ya Kilimanjaro, mwaka 1871. Alifariki mwaka 1875 akirudi kutoka Uchagga. Rebecca, mke wa Wakefield, alifika mwaka 1870 na kufariki mwaka 1873.

Kazi zake

Wakefield alihubiri, alifundisha na alijifunza lugha za wenyeji. Vilevile alikusanya habari za njia za misafara ya bara kutoka kwa wafanyabiashara, hasa Sadi bin Ahedi. Habari hizo zilichapishwa London mwaka 1870. Hivyo ramani ya nchi ambazo Wakefield hakuzitembelea ilitokana na maarifa ya Waafrika na Waswahili waliozitembea kwa miguu.

Kanisa dogo lageuka kijiji

Mwaka 1873 Sultani Barghash alifunga masoko ya watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Hata hivyo, mkataba huo haukuufuta utumwa wenyewe. Mtu aliyetoroka shamba la bwana wake pwani bado alihesabiwa kuwa mali ya bwana huyo. Watoro wengi walikimbilia vituo vya misheni kama Ribe, na Rabai ya CMS. Hapo wamisionari walikuwa njia panda: kumpokea mtoro kulikaribisha ugomvi na wenye mashamba, na kumkataa kulikuwa kumrudisha utumwani. Waliopata nafasi walijenga nyumba, wakalima na kusomesha watoto. Kwa mtu aliyetengwa na ukoo wake, watu wa kanisa ndio waliokuwa ndugu.

Mwaka 1888 mgogoro ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ililazimika kulipa fidia. Watoro zaidi ya 1,400 wa Rabai na vituo vya jirani walipewa hati za uhuru.

Golbanti na mwisho wa maisha yake

Katika miaka ya 1880 Wamethodisti walifungua kituo cha Golbanti, kando ya mto Tana, kati ya Waoromo. Mwaka 1886 John Houghton na mkewe Annie waliuawa huko katika shambulio la Wamasai. Mwishoni mwa muongo huo Wakefield alirudi Uingereza, akafariki mwaka 1901. Lengo alilolifuata miaka ishirini na zaidi lilifikiwa kwa gharama kubwa. Kilichodumu zaidi ni Ribe, mahali alipokusudia kupita tu, kwa sababu watu wasio na pa kwenda walipafanya kwao.

Maswali ya marudio

1. Kwa nini mkataba wa 1873 haukuwasaidia watumwa waliotoroka mashamba ya pwani?
2. Eleza mchango wa Sadi bin Ahedi katika ramani ya mwaka 1870.
3. Linganisha kijiji cha Ribe na makazi yanayozunguka misheni unayoifahamu, kwa mfano Kabanga wilayani Kasulu au misheni nyingine ya Kibondo. Nani walihamia hapo, na kwa sababu gani?