Daktari George Beatson

Daktari huyu, Mskochi kwa asili, alizaliwa mwaka wa 1848 huko Trincomalee, Sri Lanka, pwani ya bahari hii hii ya Hindi tunayoogelea sisi. Alisomea Edinburgh, akawa mpasuaji mjini Glasgow.

Katika ujana wake alipokuwa akichunguza habari za unyonyeshaji, alipata kusikia kwamba wafugaji wa nchi fulani huwatoa ng'ombe wao ovari, yaani viungo vya mayai ya uzazi, ili maziwa yasikatike. Mfugaji wa Unguja angelistaajabu! Beatson aliwaza kwamba, ikiwa ovari hutawala kiwele, huenda zikatawala na saratani ya titi.

Mwaka wa 1895 alimtoa ovari mwanamke wa miaka 33 ambaye saratani yake ilikwisha kurudi, wala haikuwa na dawa. Baada ya miezi kadhaa uvimbe ulitoweka. Aliishi karibu miaka minne zaidi. Wapasuaji wengine walifuata njia hiyo, lakini katika kila wagonjwa watatu alifaidika kama mmoja tu. Beatson alifariki mwaka wa 1933 bila kujua sababu.

Sababu iligunduliwa baadaye na Elwood Jensen, mjini Chicago. Homoni ya ovari, estrojeni, hushika vipokezi vilivyomo katika seli, kama ufunguo na kufuli ya mlango wa Mji Mkongwe. Uvimbe wenye vipokezi hivyo mara nyingi hunywea homoni ikizuiwa. Usio navyo haujali. Kwa hiyo siku hizi kipande cha uvimbe hupimwa kwanza, ndipo dawa ichaguliwe. Yule mwanamke wa Glasgow, yaelekea, uvimbe wake ulikuwa navyo.