Jane Addams

Jane Addams (Cedarville, Illinois, 6 Septemba 1860 – Chicago, 21 Mei 1935) alikuwa mwanaharakati na mwandishi wa Marekani. Anajulikana hasa kwa kuanzisha Hull House, nyumba ya huduma kwa wahamiaji katika jiji la Chicago. Mwaka 1931 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Marekani kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika familia yenye uwezo. Baba yake, John Huy Addams, alikuwa na kinu cha kusaga nafaka, tena alikuwa seneta wa jimbo la Illinois na rafiki wa Abraham Lincoln. Mama yake alifariki Jane akiwa na umri wa miaka miwili. Utotoni aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Mwaka 1881 alimaliza masomo yake huko Rockford, na mwaka huohuo baba yake akafariki. Alianza kusomea udaktari Philadelphia lakini afya yake ilimlazimu kuacha. Miaka iliyofuata alisafiri Ulaya mara mbili bila kupata kazi ya kufanya maishani. Mwanamke msomi wa wakati ule hakuwa na njia nyingi mbele yake. Mwaka 1888 alitembelea Toynbee Hall jijini London, ambapo vijana waliotoka chuo kikuu waliishi katikati ya mtaa wa maskini. Alirudi Marekani na nia ya kufanya vivyo hivyo.

Hull House

Tarehe 18 Septemba 1889, Addams na rafiki yake Ellen Gates Starr walihamia katika jumba la zamani la Charles Hull, kwenye barabara ya Halsted. Majirani walikuwa Waitalia, Waayalandi, Wajerumani, Wagiriki, Wabohemia na Wayahudi waliotoka Urusi na Poland. Wengi waliishi katika vyumba vilivyojaa watu, na familia nyingine zilishona nguo za viwanda nyumbani, watoto wakiwemo kazini.

Huduma zilianza na chekechea, kisha masomo ya usiku, kliniki, maktaba na uwanja wa michezo. Kufikia mwaka 1907 Hull House ilikuwa na majengo 13. Si kila jambo lilifaulu. Jiko la umma lililopika vyakula vilivyopimwa kitaalamu kuwa bora kwa afya halikupata wateja wengi, kwa sababu majirani walipenda vyakula vya kwao. Addams alijifunza kutokana na hilo. Mwaka 1900 alifungua makumbusho ya kazi, ambapo wazee wahamiaji walionyesha jinsi ya kusokota nyuzi na kufuma kwa mtindo wa nchi zao. Watoto wao, waliokuwa wakiwaonea haya wazazi wasiojua Kiingereza, waliwaona sasa wakiwa walimu.

Takataka zilirundikana mtaani na vifo vya watoto vilikuwa vingi. Mwaka 1895 Addams aliteuliwa kuwa mkaguzi wa takataka wa kata yake, akawa anaamka alfajiri kufuata mikokoteni. Mara mbili Hull House ilijaribu kumwondoa diwani Johnny Powers, ikashindwa: diwani huyo aliwapatia wapiga kura ajira na kusaidia mazishi yao, na kwa maskini hilo lilikuwa na uzito kuliko hotuba.

Mwenzake Florence Kelley alichangia kupatikana kwa sheria ya viwanda ya Illinois ya mwaka 1893, iliyozuia ajira ya watoto wa chini ya miaka 14 viwandani. Sehemu yake iliyoweka kikomo cha saa nane za kazi kwa wanawake ilibatilishwa na mahakama mwaka 1895.

Utetezi wa wahamiaji

Machi 1908, Lazarus Averbuch, kijana Myahudi aliyetoka Kishinev, alipigwa risasi na kufa nyumbani kwa mkuu wa polisi wa Chicago. Magazeti yalimwita mwanarki, na hofu ikatanda miongoni mwa wahamiaji. Addams alisaidia kupata fedha za wakili ili kifo hicho kichunguzwe. Mkuu wa polisi hakupatikana na hatia, na Addams mwenyewe alilaumiwa kwa kuwatetea watu hatari.

Mwaka huohuo iliundwa Jumuiya ya Kuwalinda Wahamiaji, ikiongozwa na Grace Abbott, mkazi wa Hull House. Wahudumu wake waliwapokea wageni kwenye vituo vya treni, kabla hawajatapeliwa na madereva au mawakala wa ajira.

Amani na miaka ya mwisho

Mwaka 1915 aliongoza mkutano wa kimataifa wa wanawake mjini The Hague, uliodai vita isimamishwe. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 hakubadili msimamo, akapoteza sehemu kubwa ya heshima aliyokuwa nayo kwa umma. Mwaka 1920 alipinga pia kamatakamata ya wahamiaji walioshukiwa kuwa wanamapinduzi. Heshima ilimrudia polepole, hadi tuzo ya mwaka 1931, aliyoipata pamoja na Nicholas Murray Butler.

Alizikwa Cedarville. Majengo mengi ya Hull House yalibomolewa miaka ya 1960 kupisha chuo kikuu. Jumba la awali limebaki kuwa makumbusho. Shirika lililorithi kazi yake lilifungwa Januari 2012 kwa kukosa fedha.