Nyanjiru Aliyetunzwa na Wimbo

Kila asubuhi matatu inayonitoa Kangemi hupitia Westlands, ikateremka Museum Hill na kuingia katikati ya jiji. Karibu na majengo ya Chuo Kikuu cha Nairobi ipo barabara iitwayo Harry Thuku. Wanafunzi wangu wanaijua. Lakini niwaulizapo Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa nani, darasa zima hunyamaza, ijapokuwa ni mwanamke huyo aliyeuawa papo hapo akidai Thuku afunguliwe.

Nyanjiru alitoka Weithaga, Murang'a, akaja kuishi Nairobi pamoja na binti yake wa kambo. Mji aliouishi ulikuwa wa kipande, wa kodi ya kibanda, na wa mishahara iliyopunguzwa na walowezi mnamo 1921. Mashambani wanawake na wasichana walilazimishwa kufanya kazi ya kahawa. Thuku, karani wa simu, alilisema jambo hilo hadharani, na kwa sababu hiyo wanawake walimpenda kuliko kiongozi mwingine yeyote wa wakati huo.

Alikamatwa tarehe 14 Machi, 1922. Siku mbili baadaye maelfu ya watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi, karibu na Hoteli ya Norfolk. Wajumbe walikwenda kuonana na wakubwa wa serikali, wakarudi wakiwasihi watu watawanyike. Wanaume wakaanza kuondoka. Hapo Nyanjiru akajitokeza, akainua vazi lake hadi mabegani, akawataka wanaume wampe suruali zao wao wavae gauni lake. Katika desturi za Wagikuyu hakuna tusi wala laana iliyo nzito kuliko hiyo. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele, bunduki zikalia. Mashuhuda walisimulia kwamba hata walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk walifyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilikiri vifo vya watu 21. Waliokuwapo walitaja idadi kubwa zaidi. Thuku alipelekwa Kismayu, akakaa uhamishoni takriban miaka 9.

Je, habari za mwanamke huyu zilitufikiaje? Ripoti za kikoloni zilihesabu maiti tu. Wanawake walikuwa na wimbo wao, Kanyegenuri, wa kumsifu Thuku, nao ukaja kuhusishwa na ushujaa wa Nyanjiru. Serikali iliupiga marufuku, kama ilivyoupiga Muthirigu mwaka 1930. (Sijapata kusikia serikali iliyopiga marufuku kitu isichokiogopa.)

Msimulizi akisahau jina, hadithi yaweza kuendelea bila jina hilo, na msikilizaji asing'amue. Katika wimbo neno likipotea, mdundo huchechemea na kila sikio hushtuka. Tena wimbo wetu aghalabu una mwanzishaji na waitikiaji: mmoja akipotoka, wengine humrudisha njiani. Hivyo ndivyo watu wasiojua kusoma walivyoweza kuhifadhi historia yao kwa uangalifu.

Ndiyo maana hunisikitisha kuona shule zetu zikijiandaa kwa tamasha la muziki. Nyimbo za kiasili hufundishwa kwa bidii, mavazi hushonwa, hatua hupimwa, lakini ni nadra mwanafunzi kuulizwa wimbo huo ulitungwa kwa sababu gani, wala mwalimu wa historia haalikwi mazoezini. Tunafundisha koo tukaiacha akili nje ya mlango.

Nami sina haki ya kuwanyoshea wengine kidole. Huko Dagoretti nilimfahamu ajuza mmoja ambaye mamaye alikuwa msichana katika miaka hiyo. Aliniahidi kuniimbia aliyofunzwa na mamaye, beti kwa beti, nami nikanunua kinasa sauti. Ukafika msimu wa mitihani, nikaahirisha, nikaahirisha tena. Nilipokwenda nilikuta watu wamekaa matangani. Nilichobaki nacho ni mdundo alioupiga siku ile ya kwanza kwa vidole juu ya ubao wa benchi, akikumbuka wimbo unaanzia wapi.